Mafuta ya mia tano

Mwezi Februari mwaka 2024, wiki ile ambayo kilo moja ya sukari ilikuwa imevuka shilingi 4,000 katika maduka ya mtaani kwetu Kimara, mume wangu aliniuliza bila ugomvi wowote: "Mama watoto, hivi hela ya chakula huwa inakwenda wapi?" Nilimjibu upesi kwamba inakwenda kwenye sukari, maana mvua za El Niño zilikuwa zimevuruga uzalishaji wa viwanda na kila mtu alikuwa analia na sukari. Usiku nilikaa nikapiga hesabu. Nyumba yetu ina watu saba: sisi wawili, watoto watatu, mama mkwe wangu na dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Tunatumia takriban kilo nane za sukari kwa mwezi, ambazo hata kwa bei ile ya kuumiza zilikuwa shilingi 32,000. Mshahara ulikuwa unamegwa mara nyingi ya kiasi hicho, na sikuweza kusema unamegwa na nini.

Nilichukua daftari la shule ambalo mtoto alikuwa ameliacha na kurasa nyingi tupu, nikalitundika kwa uzi jikoni pamoja na kalamu, na nikawaeleza wote kwamba kwa mwezi mmoja hatubadilishi chochote, tunaandika tu. Kila kitu kinachoingia jikoni kiandikwe, awe amekinunua nani, hata kitunguu kimoja cha shilingi 200. Ninasisitiza jambo hili la kutobadilisha chochote kwa sababu nimewaona wengi wanaoanza kubana matumizi siku ileile wanayoanza kuandika, na matokeo yake daftari linaonyesha mwezi wa nidhamu ambao haujawahi kuwepo na hautarudi.

Mwisho wa mwezi jumla ilikuwa shilingi 612,000. Nilichokiangalia kwa muda mrefu zaidi hakikuwa jumla hiyo, bali neno moja lililojirudia kila ukurasa kwa mwandiko wa watu wanne tofauti: mafuta 500, mafuta 500, mafuta 500. Nilihesabu mara 41. Katika nyumba yenye waajiriwa wawili wanaolipwa kwa mwezi, tulikuwa tunamtuma mtoto dukani na kikombe kila jioni, na siku nyingine mara mbili, kama watu wanaopokea ujira wao jua linapozama.

Kabla sijamwaga lawama kwa mwenye duka, ambaye mtaani tunamwita Mangi kama ilivyo desturi ya Dar es Salaam, niliamua kupima. Nilitafuta chupa ya maziwa ya mtoto wetu wa mwisho, ile yenye alama za mililita ubavuni, nikaiosha na kuikausha kabisa, kisha nikayamimina humo mafuta ya 500 yaliyokuwa yametoka dukani dakika hiyo. Yalitulia kwenye mililita 75. Nilirudia kwa siku nne na hayakuzidi 80 wala kupungua 70, kwa hiyo Mangi hakuwa mwizi. Kipimo chake kilikuwa kilekile kila siku. Lakini mililita 75 kwa shilingi 500 maana yake ni kwamba lita moja tulikuwa tunainunua kwa karibu shilingi 6,670, wakati duka hilohilo liliuza lita nzima kwa 5,500, na dumu la lita 20 kwa wauzaji wa jumla Manzese lilikuwa 92,000, yaani shilingi 4,600 kwa lita. Mwezi ule tulitumia lita tatu na kidogo kwa shilingi 20,500. Kwa bei ya dumu zingekuwa shilingi 14,000 na ushee.

Methali tunayofundishwa shuleni inasema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba ilikuwa inakimwaga. Anayelipwa kwa siku hana njia nyingine, na duka linalokubali kumpimia robo ya unga na mafuta ya 500 linamwezesha kulala ameshiba. Ninaandika haya nikijua kwamba ushauri wa kununua kwa jumla haumfai mtu ambaye hana cha kununulia jumla. Sisi, hata hivyo, tulikuwa na fedha hiyo tarehe ileile kila mwezi, na tulikuwa tunaigawa vipande vipande kwa mazoea tu.

Basi nikanunua dumu. Ninalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo wengi wanapojikwaa na hawasemi. Kwa mwendo wetu wa lita tatu kwa mwezi, lita 20 zilipaswa kudumu zaidi ya miezi sita. Ziliisha baada ya miezi minne. Hakuna aliyeyaiba. Kilichotokea ni kwamba kikombe cha 500 kilikuwa kinatupangia kiasi bila sisi kujua, na kilipoondoka kila mpishi, mimi nikiwa wa kwanza, aliinamisha dumu mpaka moyo wake uliporidhika. Mchicha uliogelea, mayai yakakaangwa kwenye dimbwi, na mandazi yakarudi mezani mara tatu kwa wiki. Lita tano kwa mwezi kwa shilingi 4,600 ni shilingi 23,000, ambazo ni nyingi kuliko zile 20,500 za kununua kwa Mangi. Nilikuwa nimepata bei nafuu na gharama kubwa zaidi kwa wakati mmoja.

Dumu la pili lilifungiwa chumbani kwa mama mkwe, na jikoni ikabaki chupa moja ya lita moja iliyobandikwa karatasi yenye tarehe. Chupa hujazwa kila baada ya siku kumi, na ikiisha siku ya nane tunakula vya kuchemsha kwa siku mbili. Tangu hapo kila kitu tunachokinunua kwa wingi kina chombo chake kidogo cha jikoni na siku yake ya kujazwa. Mchele una ndoo, sukari ina kopo, chumvi peke yake ndiyo haina ulinzi.

Nafaka tunazifuata Tandale. Nauli na usafirishaji hula faida ya mtu mmoja, hivyo tunakwenda nyumba nne kwa zamu: nyumba mbili hupanda mwendokasi hadi Manzese na kutembea hadi sokoni, na mzigo wa nyumba zote nne hurudi kwa bajaji moja. Mara ya kwanza tulitapeliwa, au niseme tulijitapeli wenyewe. Tulionyeshwa mchele mzuri juu ya gunia, mrefu na wenye harufu, tukaambiwa ni wa Kyela, tukalipia kilo 50 palepale. Nyumbani, baada ya kuchota theluthi ya kwanza, tulikutana na chenga tupu iliyochanganywa na mchele wa zamani usiovimba. Jirani yangu mmoja, ambaye baba yake alikuwa kuli, alinicheka kwa upole akaniuliza, "Sasa dada, mlinunua gunia bila bambo?" Bambo ni kile chuma chenye mfereji kinachochomwa gunia ili kutoa punje za ndani, na kila ghala la nafaka linacho. Siku hizi tunaomba lichomwe chini na ubavuni, tunamimina punje kiganjani, na tunanunua kwanza kilo moja ya kwenda kuipika kabla ya kurudi wiki inayofuata kuchukua gunia. Mfanyabiashara anayekataa bambo tunamuaga kwa heshima.

Kuhusu vipimo, nimejifunza kuliogopa debe. Debe hupima ujazo na si uzito, na lile lililobonyezwa ubavu au kuinuliwa kitako linaweza kukunyima kilo mbili huku likionekana limejaa hadi kufurika. Lumbesa nayo, ambayo mnunuzi wa mjini huiona kama nyongeza ya bure kwa kuwa gunia limeshonewa kilemba, kwa kawaida ni hasara ya mkulima kule shambani. Sisi hununua kwa kilo tu, kwenye mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo, na hakuna aliyewahi kutukasirikia kwa kuomba hivyo.

Mahindi yalinifundisha hesabu iliyonishangaza. Tulinunua kilo 50 kwa shilingi 900 kila kilo, jumla 45,000, tukiwa na nia ya kujisagia sembe. Kukoboa na kusaga kulitugharimu 7,500, na sehemu yetu ya usafiri ilikuwa 3,000. Baada ya pumba kutoka tulibaki na kilo 39 za unga, ambazo zilitufikia kwa zaidi kidogo ya shilingi 1,420 kwa kilo, wakati dukani sembe ilikuwa 1,600. Ukiondoa nusu siku iliyopotea mashineni, nafuu hiyo ni ndogo. Safari iliyofuata tulisaga dona, yaani bila kukoboa. Gharama ya mashine ilishuka hadi 5,000, pumba haikutoka, na kilo 49 tulizorudi nazo zilikuwa zimetugharimu chini ya shilingi 1,100 kila moja. Kwa maneno mengine, faida kubwa ya kujisagia ilikuwa inabaki mashineni pamoja na pumba, nasi tulikuwa tunaiacha hapo kwa hiari ili ugali uwe mweupe. Watoto waligoma kula dona kwa siku tatu. Tuliwachanganyia nusu kwa nusu, na baada ya mwezi hakuna aliyeuliza tena.

Dona hata hivyo haikai, kwa sababu kiini cha punje kina mafuta na unga wake huanza kuwa mchungu mapema kuliko sembe, hivyo tunasaga kiasi cha wiki mbili au tatu tu na mahindi mengine tunayahifadhi kwenye mifuko ile yenye tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa nje uliofumwa, ambayo ikifungwa vizuri wadudu hukosa hewa na kufa bila dawa. Na kabla ya kwenda mashineni, mahindi yote humwagwa juu ya mkeka. Mama mkwe hukaa kwenye kigoda na ungo mapajani, akapepeta kiasi kidogo kidogo, kisha akaanza kuchagua kwa vidole: punje zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au nyeusi kwenye kitovu, zilizotobolewa. Kila kilo 25 hutoa bakuli moja la kutupwa, na halipewi hata kuku. Kuna siku nilimwambia, "Mama, hizi mbona nzuri tu, tunatupa hela," naye hakuinua kichwa. "Mwanangu, hospitali haipimi kwa kilo." Alikuwa anakumbuka mwaka 2016, sumukuvu ilipoua watu mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu. Katika makala ya kubana matumizi hiyo ndiyo hasara moja ninayoitetea bila mjadala.

Si kila kitu kinafaa kununuliwa kwa wingi, na nyanya ndizo zilizonithibitishia. Nilileta sado mbili kutoka Mabibo wakati zikiwa zimeshuka bei, na kwa joto la Dar es Salaam siku ya nne nilikuwa nachagua zipi zifae mchuzi na zipi ziende jalalani. Mboga na viungo tumezirudisha gengeni. Mama wa genge la jirani ananijua, ananiwekea matembele yaliyochumwa alfajiri, na nyongeza anayonipa ya pilipili hoho, ndimu mbili au fungu la bamia lililobaki jioni ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya bei ambayo ningeipata sokoni baada ya kulipa nauli. Nyanya zikishuka sana, nachukua sado moja tu, nazichemsha, nazimenya, nazisaga na kuzigandisha kwenye vikopo. Matembele tumeanza kuyapanda pia kwenye ndoo zilizotoboka. Ni kiasi cha kuchomeka vikonyo na kumwagilia.

Nyama sina mengi ya kusema. Tuliipunguza kutoka siku nne hadi mbili kwa wiki, tukaongeza dagaa, na mtu yeyote anaweza kufanya hivyo bila kusoma makala. Kuhusu dagaa wa baharini nitaongeza jambo moja tu, ambalo nililipata kwa muuzaji wa soko la samaki la Feri: wanavuliwa usiku kwa taa, na taa haziwavuti vizuri mwezi unapong'aa. Wakati wa giza wanakuwa wengi na bei inalegea, wakati wa mbalamwezi inakaza. Tangu siku hiyo natazama juu kabla ya kununua dagaa wa mwezi mzima, na mume wangu amenizoea nikisimama uani usiku nikihesabu siku za mwezi kama mtu anayesubiri sikukuu.

Jambo ambalo daftari la kwanza halikulionyesha kabisa ni moto. Tuliandika bei ya chakula dukani, tukasahau kwamba chakula hakiliwi kikiwa dukani. Nilikuwa nimejisifu kwa kupata maharage ya shilingi 2,200 kwa kilo wakati mengine yalikuwa 2,800. Yalikuwa ya msimu wa nyuma, makavu kama kokoto. Dada aliyabandika saa nane mchana, na saa kumi na mbili jioni yalikuwa bado yanagonga kwenye sufuria. Mkaa wa shilingi 2,000 uliisha na mwingine wa 1,000 ukaongezwa. Ile nafuu ya shilingi 600 ilikuwa imekwisha kuungua kabla giza halijaingia. Maharage mapya ya bei ya juu, yaliyolowekwa tangu usiku na maji yake kumwagwa, yaliiva kwa nusu ya muda huo.

Baadaye tulidunduliza kwa miezi mitatu tukanunua jiko la umeme la presha. Nilikuwa na mashaka nalo, maana umeme kwetu una sifa ya kuwa ghali, kwa hiyo nilisoma mita ya LUKU kabla na baada. Kilo moja ya maharage yaliyolowekwa ilikula uniti 0.6. Uniti tunainunua kwa shilingi 350 na ushee, kwa hiyo sufuria nzima ya maharage iliiva kwa takriban shilingi 210. Nimewaeleza majirani namba hiyo na wawili wamekuja kuitazama mita kwa macho yao. Siku hizi tunachemsha kilo mbili kwa mikupuo miwili siku ya Jumapili, bila chumvi wala kitunguu, tunazigawa kwenye vikopo na kuzigandisha. Mtu akichelewa kurudi kwa sababu ya foleni, anachohitaji ni kuunga tu, na hatumi mtu kununua chipsi, ambazo katika daftari la mwezi wa kwanza zilikuwa zimechukua shilingi 38,000 bila mtu yeyote kukumbuka kuzila.

Asubuhi mikate miwili ya shilingi 1,500 ilikuwa inatutoa 90,000 kwa mwezi, fedha nyingi kuliko mchele. Sasa mkate ni wa Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine ni viazi vitamu, mihogo, magimbi yanapokuwa rahisi, chapati za maji, au kiporo. Neno kiporo limekuwa la aibu kwa watoto wa siku hizi, na hilo ni kosa letu wazazi. Wali uliobaki usiku, ukiingizwa kwenye friji mapema badala ya kuachwa mezani hadi alfajiri, ukapashwa moto vizuri na kitunguu na chai ya rangi, unamshikilia mwanafunzi kuliko vipande viwili vya mkate. Tuliacha vilevile kukopa dukani. Mangi hatozi riba, ila nimegundua kwamba mkopaji haulizi bei na haombi apunguziwe, na mtoto anayesema "mama kasema uandike" huongeza biskuti ya njiani.

Mwezi uliopita daftari lilifungwa kwa shilingi 471,000, umeme wa kupikia ukiwa umehesabiwa ndani yake, jambo ambalo hatukulifanya mwezi ule wa kwanza. Sukari imeshuka bei, lakini matumizi yetu bado ni kilo nane zilezile. Kila jaribio la kuigusa limekwamia kwa mama mkwe, ambaye anaweka vijiko vitatu kwenye kikombe kimoja cha chai, na ambaye kila baada ya siku kumi ndiye anayefungua chumba chake na kunitolea dumu la mafuta ili nijaze chupa. Sijapata namna ya kulianzisha hilo.